Mti usio na mishale

Kazi yangu pale mradini ilikuwa ndogo: kuingiza majibu ya dodoso kwenye kompyuta. Umri, jinsia, ulianza lini kujidunga, unajidunga na watu wangapi, katika siku 30 zilizopita umetumia sindano ya mtu mwingine? Ndiyo, hapana, sikumbuki. Tulikuwa tunapima homa ya ini C kwa watu wanaojidunga dawa za kulevya, na damu iliyokutwa na kirusi ilipelekwa maabara kusomwa vinasaba. Mambo ya vinasaba hayakunihusu. Mimi nilikuwa na karatasi zangu, stepla yangu, na namba zilizowekwa mahali pa majina.

Siku moja dada aliyesimamia upande wa maabara akaniita nione picha. Ilikuwa kama mti uliolazwa ubavu, shina upande wa kushoto, matawi yakigawanyika na kugawanyika kwenda kulia, na kwenye ncha ya kila kitawi kuna namba. Kila namba ni mtu. Mbili alikuwa amezizungushia duara. Zilikaa pamoja kwenye kitawi kifupi mno, ukitazama haraka utadhani ni namba moja imechapwa mara mbili.

Nikarudi kwenye karatasi zangu. Namba ya kwanza ni mwanamume wa miaka 47, ya pili ni msichana wa miaka 23 (umri na vitu vingine nimevibadilisha, mtanisamehe). Kwenye swali la sindano ya mtu mwingine, wote wawili wamejibu hapana. Wametoka maskani tofauti. Hakuna aliyemtaja mwenzake.

Nilichofanya baada ya hapo naona haya hadi leo. Nilichukua kalamu nikachora mshale, kutoka kwa mwanamume kwenda kwa msichana.

"Huo mshale umeutoa wapi?" dada akaniuliza.

"Si huyu ndiye wa zamani? Amejidunga kwa miaka 19. Yule kaanza juzi tu."

Akaichukua kalamu mkononi mwangu, akaupiga mshale msalaba. "Mdogo wangu, kwenye mti huu hakuna mishale."

Sikumwelewa. Niliona ananizuia kusema jambo ambalo kila mwenye macho analiona. Ilinichukua miezi kujua kwamba nilikuwa nimeliona kinyume.

Tuanze na kirusi chenyewe. Ni uzi mmoja wa RNA, yaani maandishi ya vinasaba vyake, wenye herufi zipatazo 9,600. Kikishaingia kwenye seli ya ini, kazi yake ni kujinakili, na kimeng'enya kinachonakili hakina tabia ya kurudi nyuma kuhakiki kilichoandika. Kinakosea na kusonga mbele. Mtu mmoja aliyeambukizwa anaweza kutoa chembe za virusi zinazokaribia trilioni moja kwa siku, kwa hiyo makosa hayo madogo yanapata nafasi tele. Ukichota damu ya mgonjwa mmoja humkuti kirusi mmoja. Unakuta ukoo mzima, wanaofanana bila kulingana.

Hapo ndipo nilipokumbuka darasani. Kila aliyewahi kusimamia mtihani anajua wanafunzi walioangalizia hawanaswi kwa majibu sahihi, maana majibu sahihi ni ya wote. Wananaswa kwa makosa. Wawili wakiandika kosa lile lile la ajabu kwenye swali la saba, tena na la kumi na moja, tena na la kumi na tisa, mwalimu haulizi zaidi. Kusoma vinasaba vya kirusi ni hivyo hivyo. Unapanga herufi za mtu huyu na za yule sambamba, unatafuta makosa wanayochangia, na kompyuta inakuchorea mti. Makosa mengi ya pamoja, ncha zinasogeleana.

Lakini mwalimu mwenye busara anajua pia asichokijua. Makosa yale hayamwambii nani alimwangalizia nani. Hayamwambii hata kama waliangaliziana wao kwa wao. Inawezekana wote wawili waliangalizia kwa mtu wa tatu, ambaye leo hayupo darasani.

Mtu wa tatu huyo ndiye niliyemruka kwa mshale wangu.

Na hajawahi kukosekana. Katika homa ya ini C yuko wa aina nyingi. Yuko ambaye hakupimwa kwa sababu siku ya upimaji alikuwa rumande. Yuko aliyehama, yuko aliyekufa. Na yuko ambaye mimi sikumfikiria kabisa: aliyepona bila dawa. Karibu theluthi moja ya wanaoambukizwa, miili yao huking'oa kirusi yenyewe ndani ya miezi sita. Mtu wa namna hiyo anabaki na kingamwili kwenye damu, alama kwamba kirusi kilipita, lakini hakuna RNA ya kusoma. Anaweza kuwa ndiye daraja kati ya watu wawili, na kwenye mti asionekane.

Majina nayo yanatatanisha, kwa hiyo niyaseme mara moja nimalize. Kirusi hiki kimegawanywa katika makundi makubwa 8 yaitwayo jenotaipu, na jenotaipu moja inatofautiana na nyingine kwa karibu asilimia 30 ya herufi zake. Ndani ya kila moja kuna vitawi vinavyopewa herufi: 1a, 1b, 3a na kuendelea. Ya 8 ilitangazwa mwaka 2018, kwa wagonjwa waliokuwa Kanada wenye asili ya Punjab, India. Ulaya, Amerika ya Kaskazini na Australia, 1a na 3a ndizo zilizosambaa sana kupitia kujidunga, ilhali 1b ilisafiri zaidi kwa damu ya kuongezewa na huduma za tiba zisizo salama. Jenotaipu 6 ni ya Asia ya Kusini-Mashariki, na 4 ndiyo iliyoenea Misri. Hii haina maana kwamba ukimkuta mtu na 3a umemjua maisha yake. Nimewasikia watu wazima, wengine na shahada zao, wakisoma jibu la jenotaipu kama wanasoma kiganja.

Makosa ya kirusi yana faida nyingine: yanajikusanya kwa mwendo unaokadirika, takriban badiliko moja kwa kila herufi elfu moja kwa mwaka. Ni saa, ingawa si saa ya ukutani. Ukiwa na sampuli za kutosha unaweza kurudi nyuma ya mti na kukadiria matawi yalianza kuchipuka kwa wingi lini. Na hapa ndipo, nilipoanza kujisomea usiku, nilipopata pigo la kwanza.

Kirusi hiki kilitambuliwa mwaka 1989. Kabla ya hapo madaktari walijua kuna homa ya ini inayofuata damu, ambayo si A wala si B, na waliiita hivyo hivyo kwa kukosa jina. (Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2020.) Huko Amerika ya Kaskazini waliozaliwa miaka ya 1945 hadi 1965 ndio waliokutwa na maambukizi mengi, na maelezo ya haraka yakawa: ujana wao, miaka ya sitini na sabini, madawa na starehe. Ndipo mwaka 2016 ukatoka uchambuzi wa vinasaba vya 1a vya huko, na saa ya kirusi ikasema vingine. Kusambaa kwa kasi kulitokea kati ya 1940 na 1965, kilele kikiwa karibu na 1950. Kilele hicho kilipofika, wengi wa kizazi kile walikuwa wachanga au hawajazaliwa. Maelezo yanayolingana na miaka hiyo ni hospitali: mabomba ya sindano ya kioo na chuma yaliyochemshwa na kutumika tena na tena, huku huduma za sindano na kuongeza damu zikipanuka baada ya vita.

Misri hadithi inajulikana zaidi. Kuanzia miaka ya hamsini hadi mianzo ya themanini, serikali iliwachoma watu sindano za dawa ya kichocho kwa kampeni, kwa nia njema kabisa, na sindano zile zilipita mkono hadi mkono. Kichocho kilipungua. Nchi ikabaki na moja ya viwango vya juu kabisa vya homa ya ini C duniani, hadi ilipoanza kupima na kutibu mamilioni ya watu kuanzia 2018.

Basi anayetaka kuchora mshale auanzishe wodini. Watu wanaojidunga walikipokea kirusi ambacho sindano za madaktari zilikuwa zimeshakikuza. Sisemi hivi kumlaumu daktari badala ya teja. (Neno lenyewe hilo silipendi, linamgeuza mtu kuwa kitu kimoja.) Ninasema kwa sababu nilipokuwa na kalamu mkononi, mkono wangu ulijua pa kwenda kabla sijafikiri.

Mfano mwingine ulionifumbua ni wa kaunti ya Scott, jimbo la Indiana, Marekani, mwaka 2015. Mji mdogo, watu wakijidunga dawa ya maumivu iitwayo oksimofoni, ghafla VVU ikalipuka: zaidi ya watu 180, na zaidi ya tisa kwa kila kumi kati yao walikuwa pia na homa ya ini C. Vinasaba vya VVU viliposomwa, karibu vyote vilikuwa ndugu wa damu, cheche moja iliyoingia na kuwaka. Vya homa ya ini C vilikuwa tofauti kabisa. Aina nyingi, vikundi vingi, vilivyoingia kwa nyakati mbalimbali na kuzunguka kwa muda kabla VVU haijafika. Nilivyoielewa mimi ni kwamba barabara ilikuwa imeshalimwa zamani. Kama kuna mtu angesoma ramani ya homa ya ini C mapema, angeona VVU itapita wapi siku ikija.

Melbourne, Australia, watafiti walifanya jambo la moja kwa moja zaidi. Waliwauliza watu wanaojidunga wanajidunga na nani, wakachora ramani ya watu, halafu wakachora mti wa virusi vyao, wakaweka kimoja juu ya kingine. Virusi vyenye udugu wa karibu vilielekea kukutwa kwa watu waliounganishwa na mtandao huo wa kujidunga, lakini si kila mara. Nafasi ile inayobaki kati ya ramani ya watu na ramani ya virusi ndiyo iliyonirudisha kwa watu wangu wawili.

Dada yule hakuamini kwamba walidanganya. Alisema twende tukaulize upya. Nikafuatana na mhojaji wetu, kaka ambaye mwenyewe aliwahi kujidunga na sasa anakunywa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache kujidunga, na ambaye watu walimfungulia vinywa kuliko sisi wenye vitambulisho vya kuning'iniza shingoni. Yule mwanamume wa miaka 47 alikubali kukaa nasi. Mimi aliniita daktari. Nikamwambia mimi si daktari, akasema sawa, dogo.

Swali la sindano lilimkera. "Nimeshawaambia. Sindano yangu ni yangu. Inakaa hapa." Akavuta soksi, akaonyesha. Ilikuwepo, na kifuniko chake.

Mhojaji wetu hakubishana. Akaweka mezani kifuniko cha chupa, kikombe cha maji na kipande cha pamba, akamwambia, "Kaka, nionyeshe jana. Mlikuwa wangapi?"

Walikuwa watatu. Akaanza kuonyesha kwa kalamu yangu, eti ndiyo bomba. Maji yanatoka kikombe kimoja. Kijiko ni kimoja, kwa sababu mzigo wameununua kwa kuchanga na ukigawanywa ukiwa mkavu kuna atakayelalamika. Kila mtu anachota kwa bomba lake mwenyewe kupitia pamba ile ile. Akishajidunga, anasuuza bomba lake, bomba lake mwenyewe, safi kabisa, kwenye kikombe kile kile. Na pamba haitupwi, maana imebakiza dawa kidogo. Anaiweka yule aliyechangia zaidi, kwa ajili ya siku arosto, yale mateso ya kukosa dawa, itakapombana na mfuko mtupu.

Alipoisogeza kalamu kwenye kikombe mara ya pili, mkono ukasimama. Hatukuwa tumesema neno.

"Lakini hiyo si sindano," akasema.

Alikuwa sahihi, na dodoso letu lilikuwa limeuliza sindano. Swali halikuwa na kijiko, wala maji, wala pamba. Alijibu hapana kwa uaminifu mtupu, na mimi niliiingiza hapana yake kwenye kompyuta nikamhukumu nayo.

Kirusi hiki ni kigumu kuliko watu wanavyodhani. Maabara kimekutwa hai ndani ya mabomba ya sindano hadi siku 63, hasa yale ambayo sindano yake inachomoka, kwa sababu hata ukisukuma mpini hadi mwisho kuna kinafasi kinachobakiza damu. Kwenye maji kimedumu kwa wiki. Na hakihitaji damu ya kuonekana. Kwa wahudumu wa afya waliojichoma kwa bahati mbaya na sindano ya mgonjwa, makadirio yaliyotumika kwa miaka mingi ni karibu asilimia 1.8 kwa homa ya ini C na asilimia 0.3 kwa VVU. Ndiyo maana mtu anaweza kujilinda vizuri na VVU, aache kabisa kuchangia sindano, na bado homa ya ini C imfikie kupitia kikombe.

Msichana sikumwona. Mhojaji alimpata, akaniambia tu kwamba kwake ni pamba. Alikuwa akipewa pamba na mtu aliyemfahamu kwa jina la utani. Yule mwanamume naye alilijua jina hilo. Mwenye jina hakuwa kwenye karatasi zangu, na sikuwahi kujua kama naye alikuwa na kirusi, au aliwahi kuwa nacho kikamtoka. Kwenye mti pale ni kifundo tu, mahali tawi linapogawanyika.

Karatasi yenye mshale wangu dada aliipitisha kwenye mashine ya kukatakata. Nilidhani ananikomoa. Baadaye akanieleza kwamba mahali ambapo kujidunga ni kosa la jinai, na kuna sheria za kumshtaki mtu kwa kumwambukiza mwingine, mchoro kama ule ukitoka nje ya ofisi ni hati ya mashtaka iliyoandikwa na mtoto. Mahakamani miti hii imewahi kutumika, tena vizuri. Valencia, Hispania, daktari wa usingizi aliyekuwa akijidunga dawa za maumivu kabla ya kuwachoma wagonjwa wake kwa dawa hizo hizo alitiwa hatiani mwaka 2007 kwa kuwaambukiza watu 275. Lakini pale kulikuwa na chanzo kimoja, tarehe za upasuaji, majalada ya hospitali, na zaidi ya nakala 4,000 za vinasaba vilivyosomwa kutoka kwa wagonjwa na kwa watu wengine wa mji ule wa kulinganisha nao. Na uchambuzi ule ule uliwaondoa kwenye orodha watu 47 waliodhaniwa ni wake. Mimi nilikuwa na sampuli mbili na kalamu ya bluu.

Yule mwanamume alianza vidonge. Wiki 12, kidonge kimoja kwa siku. Tiba hizi za sasa zinaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, na hazijali sana ni jenotaipu gani. Wiki 12 baada ya kumaliza akapimwa, hakuna kirusi. Alipiga simu ofisini kuuliza kama karatasi ile anaweza kuibandika ukutani.

Mwaka uliofuata akapimwa tena. Kirusi kipo.

Kupona hakukingi. Kingamwili zinazobaki haziuzuii mwili kuambukizwa upya, na chanjo hakuna. Alikuja akiwa amekwishakata shauri kwamba dawa ilikuwa feki na sisi ni matapeli. Hapo mti ule ule ukafanya kazi ambayo sikuitegemea. Kirusi chake cha mwanzo kilikuwa 3a. Hiki kilikuwa 1a. Si kile cha zamani kilichojificha na kurudi, ni kingine, kimeingia upya.

Dada akamweleza taratibu, akichora matawi mawili yaliyo mbalimbali kwenye karatasi. Bila mshale. Yeye akayatazama muda mrefu.

"Kwa hiyo ile dawa ilifanya kazi."

"Ilifanya kazi, kaka."

"Hiki ni kipya."

"Ni kipya."

Akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo sijui kwa nini dodoso halikuwahi kuuliza. "Na wale wawili mmewapima?"

Hatukuwa tumewapima. Tulimtibu mtu mmoja, tukamrudisha kwenye kikombe cha watu watatu. Wanaochora modeli za maambukizi wameandika sana kuhusu hili: kutibu mtu pamoja na wale anaojidunga nao kunakata minyororo ambayo kumtibu peke yake kunaiacha. Methadoni au dawa nyingine ya aina hiyo, kwa makadirio ya mapitio yaliyotoka 2017, hupunguza hatari ya kuambukizwa kwa nusu, na ikiunganishwa na sindano safi za kutosha, hupungua kwa karibu robo tatu. Haya yote yalikuwa kwenye kabati letu la vitabu. Aliyeyageuza kuwa swali la ofisi ni yeye, na karatasi yake ya ukutani ikiwa mfukoni.

Dodoso likabadilishwa. Nililichapa upya mwenyewe: maji, kijiko, pamba, kila kimoja swali lake. Wiki ya kwanza ya fomu mpya, safu ya pamba ilijaa ndiyo hadi nikadhani kompyuta imekwama.

Jumanne moja alirudi na wenzake wawili. Mmoja aliingia moja kwa moja akakaa. Wa pili alibaki mlangoni, mguu mmoja nje, akatazama lile boksi la mabomba mapya mezani, akaniuliza kama vijiko navyo vinatolewa.

Havikuwepo. Nikaandika kwenye daftari: vijiko.